Picha Mia za Kweli

Mtu akiombwa picha za asili kutoka mkoa wa Geita, atapeleka za kisiwa cha Rubondo. Atapeleka tai mla samaki akiinuka na sato kwenye kucha, nzohe aliyezama hadi magotini kwenye matete, jua likitua nyuma ya visiwa vya Ziwa Victoria. Hatapeleka shimo kubwa la Nyankanga katika mgodi wa dhahabu wa Geita, GGM, wala vilima vya magwangala, yale mawe ambayo mgodi umeyatoa ardhini na kuyaona hayana dhahabu ya kutosha. Hatapeleka Nyarugusu, ambako wachimbaji wadogo hushuka kwenye mashimo wanayoyaita maduara, yaliyokingwa kwa matimba, na makarasha husaga mawe huku vumbi likiwatua mabegani. Hakuna aliyemkataza kupeleka hayo. Neno “asili” lilimchagulia kabla hajafungua simu. Wala hatuwezi kumwita mwongo, kwa sababu tai alikuwepo, nzohe alikuwepo, na jua lilitua kweli. Lakini mgeni anayezipitia picha zake zote ataondoka akiamini jambo ambalo si kweli kuhusu Geita. Linalonishughulisha hapa ni hilo: kama kila picha ni ya kweli, uongo umeingilia wapi? Jibu langu ni kwamba umeingilia kwenye mada, na kwamba watu wanaokusanya picha kwa mada moja wana wajibu wa kimaadili ambao mpiga picha mmoja mmoja hana.

Mkusanyiko wa namna hii si jambo dogo tena. Shindano la Wiki Loves Earth lilianzia Ukraine mwaka 2013, likiwaalika watu wa kawaida kupiga picha za maeneo ya asili yaliyohifadhiwa na kuzitoa bure kwa yeyote anayetaka kuzitumia. Wiki Loves Africa lilifuata mwaka 2014, nalo kila linapofanyika hutoa mada moja kwa bara zima: mwaka 2022 ilikuwa makazi, mwaka 2023 tabianchi na hali ya hewa. Chini ya mashindano hayo yako makundi yasiyohesabika ya marafiki, wanafunzi na waumini wanaotumiana picha kwenye simu, wiki hii ndege, wiki ijayo maua ya porini. Wengi wao ni wapiga picha wa ridhaa. Hawalipwi, hawana mhariri, hawana mteja anayesubiri. Ndiyo maana mada ina nguvu kubwa kwao kuliko kwa mpiga picha wa gazeti. Huyu wa gazeti anabanwa na mambo mengi, na mengine hupingana, hivyo humwachia upenyo. Wa ridhaa anabanwa na mada peke yake. Ikisema “maeneo yaliyohifadhiwa”, basi nchi yote iliyo nje ya mpaka wa hifadhi imeshafutwa, na aliyeifuta haonekani kwenye picha yoyote.

Ni kweli kwamba kuchagua si kudanganya. Hakuna picha isiyo na ukingo, na anayeelekeza kamera kwa tai ameshaupa mgongo upande mwingine wa ziwa. Lakini kauli moja iliyochagua na kauli nyingi zilizochagua upande uleule si kitu kimoja. Anayemsimulia mgeni siku za mvua tu, asitaje kiangazi, hajasema neno hata moja la uongo, ila mgeni huyo akipanda kwa kumtegemea yeye, mbegu zake zitaungua. Picha moja inasema: hiki kipo. Picha mia kwa mada moja zinasema: hivi ndivyo palivyo. Hiyo ni kauli ya aina nyingine, na haimo ndani ya picha yoyote kati ya hizo mia. Inatokana na kuziweka pamoja. Mpiga picha hawezi kuulizwa juu ya kauli ambayo hakuitoa, na kwa hiyo wa kuulizwa ni jamii iliyoziweka pamoja na kuzipa jina.

Tuanze na Rubondo yenyewe, maana ndiyo inayodhaniwa kuwa upande salama wa hoja. Kisiwa hicho kilifanywa pori la akiba mwaka 1965 na hifadhi ya taifa mwaka 1977. Wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi humo walihamishwa. Kati ya mwaka 1966 na 1969, mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek wa Frankfurt aliwafungulia humo sokwe waliotoka utumwani Ulaya, wakiwemo waliokaa kwenye bustani za wanyama, na wengi wao asili yao ilikuwa Afrika Magharibi. Twiga na tembo nao waliletwa. Grzimek huyo ndiye aliyetengeneza filamu ya Serengeti iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na ambayo ilichangia sana kuifundisha dunia kuiona nyika yetu kama mahali pa wanyama pasipohitaji watu. Kwa hiyo anayepiga picha ya sokwe wa Rubondo na kuipakia chini ya mada ya asili isiyoguswa ameleta picha ya uzao wa viumbe waliopandishwa meli na binadamu, wakashushwa kwenye kisiwa kilichoondolewa binadamu wengine. Silisemi hili kumnyima sokwe heshima yake. Kizazi cha leo kimezaliwa pale, kinakula matunda ya pale, na kina haki ya kuitwa cha pale. Ninalosema ni kwamba mstari kati ya Rubondo na Nyankanga hauwezi kuwa mstari kati ya kilichofanywa na Mungu na kilichofanywa na mikono. Mikono imepita kote kuwili. Tofauti ni kwamba kule Rubondo mikono hiyo imesahauliwa.

Mkoa jirani wa Shinyanga unatoa ushahidi mzito zaidi, kwa sababu huko upungufu wa picha unaonekana kwa namna nyingine. Serikali ya kikoloni ya Uingereza iliufanya mji wa Shinyanga kituo cha utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na miongoni mwa njia zilizotumika kumwondoa mdudu huyo ilikuwa kufyeka vichaka anamojificha. Pori lilifyekwa, pamba ikapandwa, mifugo ikaongezeka. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliziondoa familia kwenye ngitili zao, yale maeneo ya malisho ambayo Wasukuma hufunga mvua zinapoanza na kufungua kiangazi kinapokaza. Katikati ya miaka ya 1980 watu walikuwa wakiiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao busara yake kubwa ilikuwa kuacha kuwalazimisha watu kupanda miti ya kigeni na kurudi kwenye ngitili waliyoijua. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizokuwa na kumbukumbu hazikuzidi sana hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na watafiti walihesabu ndani yake aina zaidi ya 140 za ndege. Maisha nayo yalibadilika, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kuwa faida ya ngitili ilifikia dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania hayakufika dola 9.

Sasa peleka kamera kwenye ngitili. Utaona kichaka. Migunga iliyojikunja, nyasi za rangi ya vumbi, labda ndege mmoja wa kahawia ambaye jaji wa shindano hatamtazama mara mbili. Hakuna kitu pale kinachomwambia mtazamaji kwamba kichaka hiki ni kazi ya mapatano, kwamba dagashida, mkutano wa jadi wa kijiji, ilikaa ikaamua nani asipitishe ng'ombe na lini, na kwamba walinzi wa jadi, sungusungu, walimtoza faini aliyevunja. Jambo kubwa kuliko yote yaliyofanywa na watu juu ya ardhi katika ukanda huu ni kujizuia, na kujizuia hakuonekani kwenye picha. Kunaanza kuonekana pale picha zinapokuwa nyingi na za watu wengi, zikiwa na tarehe na majina ya mahali, za kichaka kilekile Februari na Oktoba, mwaka huu na mwaka ule, na za uwanda wa jirani usiofungwa. Hapo kichaka kinapata maana. Mtaalamu aliyekuja kwa wiki mbili na lenzi ya gharama kubwa hawezi kuifanya kazi hiyo. Anayeiweza ni mwalimu wa shule ya kijiji, mwendesha bodaboda anayepita njia ileile kila siku, binti anayechunga mbuzi wa nyumbani. Wapiga picha wa ridhaa kwa pamoja ni shahidi bora kuliko bingwa mmoja, lakini kwa sharti moja: mada yao isiwe shindano la uzuri. Ikiwa shindano la uzuri, ubora wao wote unapotea, maana kila mmoja atakimbilia jua lilelile la machweo.

Shinyanga ina ushahidi mwingine, mchungu, ambao mada ya asili huuacha nje bila hata kujua. Miti ilipokwisha, kuni zilikwisha. Kinamama wakapikia vinyesi vikavu vya ng'ombe na mabua, na moshi wake miaka nenda rudi ukayafanya macho kuwa mekundu. Macho mekundu ya bibi kizee yakageuzwa ushahidi wa uchawi, na wanawake wazee waliuawa kwa ajili hiyo. Sidai kwamba moshi peke yake uliua. Walioua ni watu, na hofu, ugomvi wa mashamba na tamaa ya urithi vilikuwa na sehemu yake. Lakini ukataji wa miti ulikuwa umeandikwa kwenye nyuso za watu, na nyuso hizo zikasomwa vibaya. Anayeona kuwa picha ya jiko lenye moshi haihusiani na mada ya miti hajaelewa mti ni nini katika nchi ile.

Pingamizi la kwanza litakuja haraka: shimo la mgodi si asili. Ni viwanda, ni uchumi, lina kurasa zake kwenye magazeti, na kulichanganya na ndege ni kupoteza maana ya maneno. Ningelikubali pingamizi hili kama maandiko ambayo wengi wa watu wa ukanda huu wanayashika yangelikubali. Hayalikubali. Kitabu cha Mwanzo, katikati ya habari ya bustani ya Edeni, kinasimama kidogo kutaja nchi iliyozungukwa na mmoja wa mito inayotoka humo na kwamba dhahabu yake ni njema. Kitabu cha Ayubu, sura ya 28, kinamfuata mchimbaji gizani, mbali na wanaotembea juu, kikistaajabia ujuzi wake, kisha ndipo kinauliza hekima inachimbwa wapi. Surat Ra'd, aya ya 17, inayaweka pamoja mafuriko ya bondeni na madini yanayoyeyushwa motoni kwa ajili ya mapambo, na kutoka vyote viwili inatoa mfano mmoja wa kweli na batili, wa povu linalopita na kile kinachobaki ardhini kikiwafaa watu. Vitabu hivyo havikuona haja ya kumficha mchimbaji ili kumsifu Muumba. Maumbile yenyewe hayauheshimu mpaka huo. Novemba 2022, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, ulibomoka, na tope likafunika mashamba na kufika kwenye makazi ya watu wilayani Kishapu. Zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo kunasia dhahabu huenda na maji hadi kwenye samaki, na samaki ndiye chakula cha yule tai tuliyempiga picha.

Pingamizi la pili ni la kidini moja kwa moja, na linastahili heshima kuliko linavyopewa. Wako Waislamu wanaoona shaka juu ya picha yoyote ya kiumbe chenye roho, kwa sababu ya hadithi zinazowaonya vikali watengeneza sanamu na wachoraji. Katika mkusanyiko wa Bukhari imepokewa kwamba mtu aliyeishi kwa kazi hiyo alimwendea sahaba Ibn Abbas, akaonywa, kisha akaelekezwa kwamba kama hana budi, achore miti na visivyo na roho. Wanazuoni wa baadaye, akiwemo Muhammad Bakhit al-Muti'i aliyekuwa mufti wa Misri, waliitetea picha ya kamera kwa hoja kwamba haiumbi chochote, inazuia tu kivuli cha kile alichokwisha kuumba Mungu. Mabishano hayo hayajaisha na si kazi yangu kuyaamua. Kinachonivutia ni sababu ya onyo lenyewe: kosa la mtengeneza sanamu ni kujifananisha na Muumba, kutaka kuleta ulimwengu wake. Tukiishika sababu hiyo kwa uzito, utetezi wa mufti unamsitiri anayepokea kivuli jinsi kilivyo. Sioni jinsi unavyomsitiri yule anayekata ukingo, anafuta nguzo ya umeme kwa programu ya simu, anang'arisha ziwa, na kwa kushirikiana na wenzake mia anajenga Geita isiyo na migodi wala watu. Huyo ameleta nchi ambayo Mungu hakuiumba. Kwa kipimo hiki picha ya mti inaweza kuwa na hatari kuliko picha ya mchimbaji, na Mkristo asiyejali hukumu za kifiqhi anaguswa na hoja hii sawasawa na Mwislamu, maana amri ya kutojitengenezea sanamu iko kwake pia.

Kuna pingamizi la tatu ambalo halina falsafa nyingi ila lina watu wengi nyuma yake: waacheni watu wafurahi. Mtu ametoka kazini amechoka, anapiga picha ya ua, anawatumia wenzake, moyo unatulia. Kwa nini umbebeshe mzigo wa migodi na wachawi? Aidha, wanasema, uzuri huzaa mapenzi na mapenzi huzaa ulinzi, hakuna anayetunza asichokipenda. Sehemu ya kwanza naikubali yote. Ua lipigwe picha, na moyo utulie. Sijasema popote kwamba kila picha ibebe shimo. Sehemu ya pili ndiyo yenye tatizo, kwa sababu historia ya ukanda huu inaikanusha. Ngitili hazikurudi kwa sababu mtu alipenda sura ya migunga. Zilirudi kwa sababu ng'ombe walihitaji majani mwezi wa Septemba, nyumba zilihitaji kuni na nguzo, na watu walijua nchi yao ilikuwa imekuwaje. Ulinzi ulitoka kwenye ujuzi na uhitaji, mapenzi yakafuata, kama yalifuata. Na mapenzi yanayolelewa kwa picha zilizokatwa ukingo yana tabia ya kupenda kile kilichobuniwa na kuchukia kilichopo. Anayeipenda Rubondo ya picha akishuka Nyarugusu atamwona mchimbaji kama uchafu uliomwagika juu ya asili, wakati mchimbaji yule ni mtoto wa mkulima ambaye mvua ilimwangusha.

Tena mchimbaji kama huyo ndiye aliyemwezesha mpiga picha wa ridhaa kupiga picha. Viunganishi vilivyo ndani ya simu hupakwa dhahabu kwa sababu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Ni kiasi kidogo sana kwa kila simu, lakini simu za dunia ni nyingi. Wengine hutumia jambo hili kunyamazisha mjadala wote: kama kila jicho limeshika dhahabu, nani wa kusema? Nadhani linaelekea upande mwingine. Anayetazama asili kwa chombo kilichotoka ardhini hawezi kujiweka nje ya anachokitazama, na ndiyo sababu mada yake ina deni la kuutaja mgodi, angalau kwa picha moja kati ya mia.

Hata hivyo kuna yasiyopaswa kuonyeshwa. Mtandao wa iNaturalist, ulioanza mwaka 2008 na ambao watu wa ridhaa wameujaza picha za viumbe kutoka kila bara, huficha mahali hasa alipoonekana mnyama aliye hatarini, ili jangili asipate ramani ya bure. Mchimbaji asiye na leseni naye anaweza kukamatwa kwa sababu ya picha, na maiti iliyotolewa kwenye duara lililoporomoka si mali ya mtazamaji. Ukamilifu ninaoudai hauhalalishi kuwavua watu nguo. Lakini angalieni tofauti: iNaturalist inaficha mahali na kusema wazi kwamba imeficha. Mada ya asili inaficha na kukana kuwa kuna kilichofichwa.

Basi mada ichaguliwe na nani? Wapo watakaosema wakazi wa Kishapu au Nyarugusu wakipewa nafasi hiyo watachagua sifa vilevile, maana hakuna anayepeleka kwa wageni picha ya upande mbovu wa nyumba yake. Huenda, mwanzoni. Ila wao wana kitu ambacho waandaaji walio mbali hawana, nacho ni hasara ya kukosea. Chukua fisi. Ngitili zilipostawi, wanyama walirudi, na fisi alikuwa miongoni mwao. Taarifa za mradi huo huo uliosifiwa dunia nzima ziliorodhesha mifugo iliyoliwa kama moja ya gharama zake. Kwa mshindani wa Dar es Salaam, fisi anayevuka ngitili alfajiri ni picha ya ushindi wa uhifadhi. Kwa mwenye zizi ni ndama wawili. Mkusanyiko uliotungwa kijijini, ukimweka fisi kama pambo, utapata wa kuusahihisha siku hiyo hiyo, na atausahihisha mbele ya watu, kwenye kikao kilekile kilichoamua ngitili ifungwe.